Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Nyaraka za Taifa: tunaomba orodha kabla ya picha

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Ninakuandikia kuhusu mafaili ya vita, hasa ya Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki, na jinsi yanavyoingizwa mtandaoni. Ombi langu ni moja. Kabla skana haijawashwa, orodha kamili ya mafaili hayo itolewe hadharani: kichwa cha kila faili, Kumb. Na. yake ya zamani, miaka inayohusika, na hali yake, yaani lipo, limeharibika, bado limefungwa au halionekani tena.

Najua picha ndizo zinazoonekana, na bajeti ikipatikana kila mtu anataka kuona kurasa kwenye skrini. Lakini faili lisilo kwenye orodha halina mtu wa kulikumbuka. Julai 12, 1973, moto ulizuka katika ghala la kumbukumbu za wanajeshi la St. Louis, Marekani, ukateketeza mafaili kati ya milioni 16 na 18. Hayakuwa na nakala wala filamu, na hakuna aliyekuwa ametengeneza faharasa yake kabla ya moto. Hasara hiyo ya mwisho ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu faharasa ni kazi ya karatasi na kalamu. Ingeweza kufanywa miaka mingi nyuma. London nako, mwaka 1940, bomu lilichoma sehemu kubwa ya mafaili ya askari wa Uingereza waliopigana 1914 hadi 1918. Yaliyonusurika yanaitwa hadi leo nyaraka zilizoungua, na anayemkosa babu yake humo anajua walau sababu.

Sisi sababu hatuijui. Mtafiti akikosa jina katika katalogi ya mtandaoni, hana njia ya kutambua kama faili halijaskaniwa, limepotea, au halikuwahi kuwepo. Majibu hayo matatu yana uzito tofauti kabisa, na tovuti huyajibu yote kwa sentensi moja: hakuna matokeo.

Nieleze kwa nini mafaili ya kwetu yana uzito wa pekee. Shajara za vita za jeshi la Uingereza, yaani kumbukumbu za kila siku za vikosi, zimo katika mfululizo wa mafaili uitwao WO 95 kule Kew, London, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza. Zimeandikwa kwenye fomu C.2118, yenye safu ya mahali, tarehe, saa na muhtasari wa matukio, kisha safu nyembamba upande wa kulia ya maelezo na viambatisho. Ukizisoma kwa siku kadhaa unaanza kuona mazoea ya mwandishi. Ofisa akiuawa, jina na cheo chake vinaandikwa. Askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza lenye askari Waafrika, mara nyingi anaingia kama tarakimu. Mpagazi akitajwa, naye ni tarakimu, na mara nyingine hatajwi kabisa, ingawa mzigo wa risasi ulifika mstari wa mbele juu ya kichwa chake. Kwa hiyo anayetafuta mtu, tofauti na anayetafuta kikosi, atafika Kew na kukwama. Jina kama liliandikwa, liliandikwa wilayani: katika ripoti za mwaka za wilaya, barua za makamishna, orodha za walioandikishwa, madai ya wajane.

Upande wa Waingereza peke yake ulitumia wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja, na waliokufa wanakadiriwa kupita 95,000, wengi kwa maradhi na njaa. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayosimamia makaburi ya vita ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Anayetaka kurekebisha hilo atahitaji majina, na mlango wa kwanza wa kubisha ni wako.

Kuhusu majina yenyewe, tafadhali yasisahihishwe. Karani aliandika alivyosikia: Hamisi, Khamis na Amisi huenda ni mtu mmoja huyo huyo katika faili moja, na Abdallah ana sura zake nyingi. Jina lililoandikwa lihifadhiwe kama lilivyo, kisha kuwe na sehemu ya pili ya tahajia ya leo, ili utafutaji upite njia zote mbili. Hali kadhalika mahali. Anayeandika Tukuyu hatapata faili lililoandikwa Neu-Langenburg, jina lake la enzi za Wajerumani, na anayetafuta Lushoto atalikosa la Wilhelmstal. Kazi hii programu za kusoma mwandiko haziwezi kuifanya peke yake. Inataka wazee wanaojua maeneo na vijana wenye subira, na wote wapo.

Zamu ya kuskani ikifika, kila faili lipigwe picha kuanzia jalada la mbele hadi la nyuma, kwa rangi, na mgongo wa karatasi usirukwe. Nimewahi kufanya kazi na picha zilizotolewa kwenye filamu ya zamani nyeusi na nyeupe, ambamo wino mwekundu wa afisa aliyepitisha uamuzi na penseli ya karani wake vilikuwa kijivu kimoja, na ramani iliyokunjwa mwishoni haikufunguliwa. Nani aliamua nini? Faili lenyewe lilijua, picha ikanyamaza. Australia iliweka mtandaoni mafaili yake 376,000 ya wanajeshi wa vita hiyo, Canada ikamaliza yake zaidi ya 620,000 mwaka 2018, yote bure kwa msomaji. Hatuhitaji kufikia idadi hizo ili tufanye vizuri.

Ukiniuliza pa kuanzia, ningeanza na mawasiliano kuhusu mishahara ya wapagazi ambayo haikuchukuliwa. Wengi walikufa kabla ya kulipwa, jamaa zao hawakupatikana au hawakutafutwa, na suala la fedha hizo likazua barua za miaka mingi kati ya Nairobi na London. Mahali palipobishaniwa fedha ya marehemu ndipo penye matumaini makubwa ya kukuta jina lake, la baba yake na la kijiji chake. Toa orodha ya mafaili hayo kwanza, hata ikiwa ni kurasa chache zilizopigwa chapa, nasi watafiti tutakuja kusaidia kuisoma.

Wako katika kazi,

Mtafiti wa historia ya vita