Freire asiishie kwenye mtihani

Mhariri,

Naomba nafasi nimzungumzie Profesa Paulo Freire, Mbrazili aliyezaliwa Recife mwaka 1921. Mwaka 1963 aliongoza kisomo mjini Angicos, ambako vibarua wapatao 300 walifundishwa kusoma na kuandika kwa takriban saa 40. Mwaka uliofuata jeshi likapindua serikali, akatiwa ndani, kisha akaishi uhamishoni hadi 1980.

Neno mojawapo alilolitumia ni "tijolo", yaani tofali kwa Kireno. Darasa lilizungumzia kwanza kazi ya ujenzi, ndipo neno likakatwa silabi, ti-jo-lo, na kila silabi ikaletwa na wenzake: ta-te-ti-to-tu, ja-je-ji-jo-ju, la-le-li-lo-lu. Alikataa kabisa mwalimu kumfanya mwanafunzi kibubu cha kutumbukiziwa maarifa.

Mimi nafundisha kisomo cha watu wazima, na hili nimeliona kwa macho yangu. Mama mmoja muuza mboga alikaa wiki tatu kimya, kitabu mbele yake, kanga ameivuta hadi kwenye paji la uso. Jioni moja nikaandika "mchicha" ubaoni, tukazungumza bei na ukame. Akainuka, akashika chaki, akaandika "cha", halafu "chai", neno ambalo sikumfundisha. Mikono ilikuwa ikimtetemeka.

Wanachuo wa ualimu wanaonijia kwa mazoezi wanalijua jina la Freire kwa sababu hutoka kwenye mtihani. Nawaomba wakufunzi wao wawalete wakae na akina mama hawa, wawasikilize kwanza kabla ya kushika chaki.

Mwalimu wa kisomo,
Morogoro