Risala ya Wahudumu wa Usharika kwa Mgeni Rasmi

Mgeni wetu rasmi, Baba Mkuu wa Jimbo, Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, washarika wenzetu: Bwana Yesu asifiwe!

Karibu sana Moshi. Tunaokusomea risala hii ni wainjilisti, walimu wa watoto, wanakwaya, akina mama wa madhabahu na mlinzi wetu. Hakuna anayevaa kola ya uchungaji kati yetu, na wengi tumeshaulizwa nyumbani: "Na wewe utaitwa lini?" Swali hilo linatuuma, Baba, maana tumekwisha kuitwa.

Yupo mama yetu mmoja ambaye kila Jumamosi hufua vitambaa vya madhabahu kwa mkono. Doa la divai huliloweka kwa maji baridi na chumvi. Umeme ukikatika, huwasha pasi ya mkaa. Majuma ya Kipaimara, kabla ya kuvikunja, huwaombea watoto wanaokwenda kupokea Meza ya Bwana kwa mara ya kwanza, mmoja mmoja kwa jina. Watoto wenyewe hawajui kwamba wametajwa.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho: "Basi pana tofauti za karama, bali Roho ni yeye yule." Na yeye aliyelitesa kanisa alikiri katika waraka huohuo: "Kwa neema ya Mungu nimekuwa hivi nilivyo." Kama mtume alipewa bure, nani kati yetu atadai amestahili?

Mlima wetu huu unalijua jambo hilo. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, kutoka Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893. Walipoondolewa mwaka 1920, baada ya vita kuu, walimu wa vijijini na wazee ndio walioendelea kukusanya watu na kuwafundisha Neno. Sisi ni wajukuu wa imani yao.

Baba, tuna maombi mawili. Walimu wa watoto wanahitaji mafunzo. Wanafundishia chini ya mparachichi, wakubwa na wadogo pamoja, na vitabu havitoshi. La pili ndilo zito zaidi kwetu: tunaomba leo utuite sote mbele, na mlinzi wetu akiwemo, utuombee kwa kutuwekea mikono, washarika wakiona.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi, wahudumu wa usharika.