Safari ya Santiago, Mama usiwe na hofu

Buenos Aires, Julai

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mfikishie na Baba shikamoo yangu. Mimi ni mzima, ila baridi ni kali, maana huku Julai ndiyo katikati ya kipupwe.

Dada ameniambia kwamba tangu mlipoiona kwenye televisheni ile habari ya ndege iliyoanguka milima ya Andes hulali vizuri, kwa kuwa kazi inanipeleka Santiago, mji mkuu wa Chile, ng'ambo ya milima hiyohiyo. Roho imeniuma, ndiyo maana naandika nikueleze taratibu.

Kwa ndege, kutoka hapa hadi Santiago ni kama kilomita 1,140. Mwambie Baba ni kama Dar hadi Kigali. Kwa barabara inafika karibu 1,400, na theluji ikizidi njia ya mpakani hufungwa, abiria wa mabasi wakakwama Mendoza, mji wa upande huu wa mpaka.

Kwenda ni saa mbili na dakika kama ishirini, kurudi mara nyingi hazifiki saa mbili. Njia ni ileile, upepo ndio unaotofautisha. Huku upepo wa juu huvuma kutoka magharibi, Pasifiki, na kipupwe hupata nguvu zaidi. Ndege ikienda Chile inapambana nao, ikirudi inasukumwa. (Dada ameona tiketi imeandikwa kuondoka 9:00, kufika 10:20. Ni kwa sababu saa za Chile sasa ziko nyuma ya zetu kwa saa moja.)

Na upepo huohuo ulihusika katika ajali mliyoiona. Ilikuwa tarehe 13 Oktoba 1972, ndege ya jeshi la anga la Uruguay, ndani watu 45. Haikuwa na uwezo wa kupita kwa usalama juu ya vilele virefu, ikazungukia kusini. Chini mawingu yamefunika kote, na marubani walikuwa wakikadiria walipo kwa kuhesabu dakika. Upepo ulikuwa umewachelewesha. Wakaamini wameshavuka, wakageukia kaskazini na kuanza kushuka, kumbe bado wako katikati ya milima. Walionusurika ni 16, wakaokolewa baada ya siku 72. Mimi pia habari yao hunitoa machozi.

Lakini Mama, leo rubani hakisii. Satelaiti humwonyesha alipo kila wakati, na ndege hizi hupaa mita 10,000 na zaidi, wakati Aconcagua, mlima mrefu kuliko yote huku, una mita 6,961. Mtikisiko upo, sitakuficha. Upepo ukigonga milima huruka juu yake kama maji ya mto yanavyoruka juu ya jiwe, na ndege huyumba. Tunafunga mikanda, wahudumu nao wanakaa. Haichukui muda, kwa sababu Santiago ipo chini ya milima hiyohiyo, ukishavuka tu unaanza kushuka.

Ukikaa dirishani upande wa kulia, hali ya hewa ikiwa nzuri, Aconcagua unauona. Umeuzidi Kibo kwa zaidi ya mita 1,000, na bado kwangu Kibo ikitokeza asubuhi pale Moshi ni nzuri zaidi.

Nasafiri Jumanne. Tutaondoka saa tatu asubuhi ya huku, kwenu saa tisa alasiri. Kufikia saa kumi na mbili jioni yenu nitakuwa nimeshuka na kumaliza mambo ya uhamiaji. Nitapiga simu ya Baba, basi kaa naye karibu.

Mwanao