Nyumba za Bao Kupishana Si Kosa la Fundi

Lalamiko linalorudi kwenye karakana yetu hapa Mikindani ni lilelile: "Fundi, mmenibambika bao bovu, mashimo ya mraba hayaelekeani." Wa mwisho kulileta alidai arudishiwe hela yake yote. Hatukumrudishia, maana bao lake ni zima. Katika bao la kiswahili nyumba mbili, yaani hayo mashimo ya mraba, hupishana, na zikielekeana mchezo umekufa kabla haujaanza.

Kaa mbele ya bao lako, tazama safu yako ya mbele yenye mashimo manane, ile inayopakana na ya mwenzako, uhesabu kuanzia kushoto kwako. Shimo la tano ndilo nyumba. Mwenzako naye anahesabu kuanzia kushoto kwake, na kwa kuwa mmekaa mkitazamana, la tano lake linakuja mbele ya la nne lako. Sasa pangeni kete: 6 nyumbani, 2 katika kila moja ya mashimo mawili yanayofuata kulia, na 22 zibaki mkononi. Jumla 32 kwa kila mchezaji, 64 kwa bao zima.

Angalia mbele ya kila shimo lako lenye kete. Upande wa mwenzako hapo ni patupu. Anayeanza hana cha kula, kwa hiyo lazima atakase: anatia kete moja kwenye shimo la sita au la saba, anazoa zote tatu, anazitembeza moja moja kushoto au kulia. Haanzii nyumbani, kwa sababu bado ana mashimo mengine ya mbele yenye kete. Kwenye bao ambalo nyumba zinaelekeana, anayeanza angetia kete moja nyumbani kwake na kuzila 6 za mwenzake papo hapo. Nani atakubali kuwa wa pili?

Hapa ndipo watu wanapojitia hasara. Badala ya kuuliza, mtu anapeleka bao kwa seremala wa jirani amchimbie mraba mwingine "zilingane". Ukuta kati ya shimo na shimo kwenye mabao yetu ni sentimita 1 tu. Patasi ikipigwa kwa nguvu kufuata nyuzi za mti, ukuta unabanduka, na kete zinaanza kuvuka zenyewe kutoka shimo hadi shimo. Kulitengeneza bao la namna hiyo tunatoza karibu na bei ya bao jipya, na tunajua maneno yanayosemwa juu yetu. Lakini kazi yenyewe ni hii: kuchimba sehemu iliyoharibika mpaka kuta zake zinyooke, kukata kipande cha mti uleule, kukigundisha, kukiacha kikauke kabisa, ndipo tuchimbe shimo upya na kulipiga msasa. Kiraka cha mti laini ndani ya mti mgumu kama mkongo huchomoka. Ni heri mtu anunue jipya, na huwa tunamwambia hivyo kabla hajatoa hata shilingi.

Wengine hawajachimba chochote, ila wamegombana. Ugomvi wao huwa ni huu: kete ya mwisho ikiangukia nyumbani, unasimama au unaendelea? Wakati wa namua, yaani bado mna kete mkononi, na nyumba haijawahi kuliwa wala kusafirishwa, na ina kete 6 au zaidi, jibu linategemea ulivyoanza zamu yako. Kama ulianza kwa kutakasa, unalala hapo, zamu imekwisha. Kama ulianza kwa kula, tazama shimo la mbele yake: likiwa na kete, unakula, huna hiari, na nyumba yako inabaki palepale. Likiwa tupu, hapo ndipo una uchaguzi. Unaweza kulala, au ukasafiri, yaani uzoe zote na kuzitembeza. Ukishasafiri huna nyumba tena. Hata shimo lile likija kujaa kete 10, ni shimo kama mengine.

Wanaosahau kwamba aliyeanza kwa kutakasa hali chochote zamu hiyo nzima ndio wanaogombana zaidi. Kete yake ya mwisho inaangukia kwenye shimo lenye kete, mbele yake kumejaa, mkono unamwasha. Haruhusiwi kula. Anazoa zilizomo, anaendelea kutembeza mpaka aangukie patupu.

Mraba wenyewe si pambo. Nyumba isiyoliwa hukusanya kete nyingi, na pembe nne zinaongeza nafasi bila kuongeza upana. Ndiyo maana hatushauri bao la bei rahisi lenye mashimo 32 ya duara sawasawa. Wachezaji wapya wanasahau nyumba iko wapi, na komwe, zile mbegu zinazotumika kama kete, zikizidi zinamwagika.

Kabla ya kulipia bao, letu au la fundi mwingine yeyote, fanya hivi. Hesabu la tano kushoto kwako, kisha zunguka ukae upande wa pili uhesabu tena: mara zote mbili uangukie kwenye mraba. Mimina komwe 20 nyumbani uone kama zinakaa. Halafu geuza bao utazame mgongo wake. Ufa mwembamba unaofuata nyuzi unaonyesha mti ulichongwa ungali mbichi, na utaendelea kupasuka hadi ufike kwenye mashimo.