Taarifa za mwezi kutoka Tanga zitaje na mawingu

Ndugu Mhariri,

Kila ifikapo jioni ya 29 Shaabani au 29 Ramadhani, taarifa za hapa Tanga huwa za aina mbili tu: mwezi umeonekana, au haukuonekana. Nawasihi wanaozitoa watuambie na hali ya mawingu. Aliyetazama anga safi asiuone mwezi na aliyetazama wingu tupu hawajaleta habari moja.

Sisi wa Tanga tuna shida yetu ya pekee. Bahari iko mashariki, na mwezi mwandamo hutafutwa magharibi. Kuanzia Machi hadi Septemba jua huzama upande wa Usambara Mashariki, kama kilomita 40 kutoka mjini. Mlima wenyewe hauzuii sana: kwa umbali huo, kilele cha mita 1,000 kinakula digrii moja na nusu tu ya anga. Kinachozuia ni wingu linaloukalia. Upepo wa kusi unaleta unyevu wa baharini, hewa ikigonga mlima inapanda na kupoa, na mvuke unageuka wingu. Wingu hilo likifika kimo cha kilomita 3 linafunika digrii 4 na zaidi.

Sasa pigeni hesabu. Huku karibu na ikweta mwezi hushuka karibu wima, digrii moja kwa kila dakika 4. Tuseme leo unazama dakika 45 baada ya jua. Dakika 20 za mwanzo mwanga wa machweo bado ni mkali, hilali haionekani. Zinabaki 25, na wingu la mlimani linachukua 17 za mwisho. Mtazamaji ana dakika 8 tu.

Mawingu nayo hayafanani. Utandu wa juu sana, ulio wa chembe za barafu, hauufichi mwezi mpevu. Hupindisha mwanga wake na kuuzungushia duara kubwa, digrii 22 kutoka katikati. (Duara dogo la rangi lililoubana mwezi ni jambo jingine: hilo ni kazi ya matone madogo ya maji.) Lakini utandu huohuo unatosha kabisa kuifuta hilali, maana jua lililokwisha kuzama huendelea kuumulika kutoka chini, anga la magharibi likang'aa kuliko mwezi wenyewe. Kwa hiyo machweo yenye wekundu mzuri mara nyingi ni dalili ya utandu, na mtu asiyahesabu kuwa anga safi.

Mawingu ya chini yaliyokatikakatika huleta kosa la upande wa pili, yaani kuona kisichokuwepo. Ukingo wa wingu uliopigwa na mwanga huweza kuwa uzi mwembamba uliopinda. Usitangaze papo hapo. Simama mahali pamoja, uulinganishe na mnazi au nguzo kwa dakika 2. Ukingo wa wingu hubadilika umbo au husogea na upepo. Mwezi hushuka tu, bila kubadilika. Tena mgongo wa hilali huelekea jua liliko, ndiyo maana huku kwetu hulala kama dau.

Taarifa inayofaa itaje mahali, saa ya kuanza na ya kuacha kutazama, na sehemu ngapi kati ya 8 za anga zilifunikwa, kama wanavyopima watu wa hali ya hewa. Zaidi ya yote iseme hali ya digrii 10 za chini upande wa magharibi. Nyoosha mkono, kunja ngumi: upana wake ni kama digrii hizo.

Wenye darubini wasiielekeze magharibi kabla jua halijazama lote, hata likionekana limefifia nyuma ya wingu. Wingu likipasuka, mwanga wote huingia jichoni kabla mtu hajawahi kuliondoa, na jeraha hilo haliumi wakati linapotokea.

Mtazamaji wa mwezi,
Chumbageni, Tanga