Rubani bora wa Kijerumani sio Hartmann, ni Boelcke

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa wasomaji. Ile makala yenu ya Jumapili kuhusu marubani wa kivita wa Kijerumani nimeisoma mara mbili, mwandishi kaandika vizuri tu ila alipofika kwenye kumtaja namba moja akaangalia nani katungua ndege nyingi, akampa Erich Hartmann kwa sababu ana 352, basi, imeisha. Hapo ndo sikubaliani naye kabisa.

Mimi nimefundisha watu kuendesha malori miaka 22, njia ya Dar mpaka Tunduma naijua kona kwa kona, na sijawahi kumpima dereva kwa idadi ya tripu.

Nakubali namba za vita kuu ya pili ya dunia zinatisha. Hartmann 352, Gerhard Barkhorn 301, Günther Rall 275, wakati Mmarekani aliyewaongoza wenzake wote, Richard Bong, ana 40. Ukisoma haraka haraka unaona hawa Wajerumani walikuwa sio watu. Lakini Bong alipofikisha hizo 40 walimrudisha kwao, Mjerumani yeye hana cha kurudishwa, anaruka mpaka afe au atekwe au vita iishe, Hartmann peke yake karuka zaidi ya mara 1,400! Na hao wote watatu kazi yao kubwa waliifanyia upande wa Urusi, ambako ndege za adui zilikuwa nyingi mno na mwanzoni kule 1941 Warusi walikuwa na ndege za kizamani na vijana wengi wasio na uzoefu. Sisemi Hartmann hakuwa hodari, alikuwa anamsogelea mtu mpaka ndege ya adui inajaa kioo chote cha mbele ndo anafyatua, hiyo inataka moyo. Nachosema hiyo 352 inakuambia pia alirushwa mara ngapi na alikutana na nani.

Au chukua Hans-Joachim Marseille ambaye vijana wanampenda sana, alitungua 158 na karibu zote jangwani Afrika Kaskazini, tarehe 1 Septemba 1942 pekee alihesabiwa ndege 17 kwa siku moja. Sasa Reiner Pöttgen aliyekuwa anaruka ubavuni kwake, wenzake walimpachika jina la mashine ya kuhesabu inayoruka, maana kazi yake ilikuwa kumlinda mgongo na kuhesabu. Mmoja anapiga, mwenzake anahesabu. Na nyingi alizopiga zilikuwa ndege ndogo za kivita, zile za mabomu zikaendelea kupita kwenda kumpiga Rommel, jenerali wa Wajerumani kule jangwani. Hapo kikosi kimefaidika nini?

Kwangu mimi namba moja ni Oswald Boelcke wa vita kuu ya kwanza ya dunia. Najua mtu ataniambia ana 40 tu, hata Manfred von Richthofen, yule rubani mwenzake waliyemuita Baron Mwekundu, ana 80. Sawa, lakini huyo Richthofen alifundishwa na nani? Mwaka 1916 Boelcke alipewa kuunda kikosi kipya, Jasta 2, akaenda mwenyewe mpaka upande wa mashariki, huko Kovel, akachagua watu, akamchukua Richthofen ambaye hakuwa na jina lolote, na akamchukua Erwin Böhme aliyekuwa na miaka 37, umri ambao wengine wangemwambia mzee kapumzike. Walipofika Ufaransa hakuwakurupusha vitani. Ndege mpya zilikuwa hazijafika, akawa anawafundisha chini, yeye asubuhi anatoka peke yake, akirudi wanamuuliza vipi leo, anawaambia angalieni kidevu changu kama ni cheusi, yani kama kina masizi ya baruti ujue bunduki imefanya kazi. Tarehe 17 Septemba ndo akatoka nao kwa pamoja na siku hiyohiyo Richthofen akapata ndege yake ya kwanza.

Na aliandika kanuni, nane tu, ambazo mtu yeyote anaelewa. Jua liwe nyuma yako. Usifyatue mpaka uwe karibu. Adui akikujia kutoka juu usikimbie, mgeukie. Ukiwa upande wao usisahau njia ya kurudi. Msimfuate adui mmoja watu wawili. Hii ya njia ya kurudi mimi ilinigusa sana kwa sababu ndo ileile nilikuwa nawapigia kelele vijana wangu mteremko wa Kitonga, gia ya kushukia unaipanga ukiwa bado juu!

Halafu kuna kitu makala haikugusa kabisa. Mwaka 1915 huyuhuyu Boelcke alijitupa na nguo zake kwenye mfereji kumtoa mtoto wa Kifaransa aliyekuwa anazama, mtoto wa nchi anayopigana nayo, na nishani ya kuokoa maisha alipewa.

Alivyokufa ndo kunaniuma mpaka leo. 28 Oktoba 1916, safari yake ya sita siku hiyo, kachoka, yeye na Böhme wanaifuata ndege moja ya Mwingereza, watu wawili nyuma ya adui mmoja, kinyume na kanuni yake mwenyewe. Ndege nyingine ikawakatiza mbele, Richthofen akiwa nyuma yake anaifukuza. Katika kukwepa, magurudumu ya Böhme yakagusa bawa la juu la Boelcke. Kugusa tu. Akajitahidi kuishusha taratibu, bawa likang'oka kwenye mawingu, na ilipogonga chini alikuwa hana kofia ngumu wala hajafunga mkanda. Miaka 25. Waingereza waliokuwa wanapigana naye walimdondoshea shada la maua kutoka angani.

Kwa hiyo namuomba mwandishi wenu, toleo lijalo akirudi kwenye hiyo orodha, ampe Boelcke japo nusu ya nafasi aliyompa Hartmann, na zile kanuni nane azichape zote.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Mbeya