Kuogopa Maji Marefu Si Kujidekeza: Tunavyotibu Hofu Hii kwa Hipnosisi

Kisiwa cha Mombasa kimezungukwa na maji, na bandari yake inaitwa Kilindini, yaani penye kilindi. Hata hivyo wengi wanaokuja kwetu wakiwa na hofu ya maji marefu ni wazaliwa wa hapa hapa. Mmoja ni mama anayeishi Likoni, ng'ambo ya kusini ya kivuko, na kufanya kazi kisiwani. Kwa muda mrefu alikuwa hapandi feri. Alikuwa anadamka alfajiri, anapanda matatu na kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu, analipa nauli kwenda na kurudi, ilhali feri haimtozi kitu aendaye kwa miguu na huvuka kwa dakika chache tu. Nyumbani walimwambia anajidekeza. Siku aliponieleza haya alikuwa akipangusa viganja kwenye leso. Kutaja tu ile rampu ya feri inavyoshuka na kugonga zege kulitosha kumtoa jasho.

Jambo la kwanza tulilomwambia ni kwamba hajidekezi. Mwili wake ulifunzwa somo, na umelishika vizuri kupita kiasi. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka na watu zaidi ya 270 wakafa. Yeye alikuwa mtoto na hakuwemo ndani. Anachokumbuka ni matanga yaliyofuatana mtaani, mikeka iliyotandikwa hadi barabarani, na watu wazima waliokuwa wakinyamaza kila watoto walipokaribia. Mtoto hahitaji kuzama ili aogope kuzama. Wateja wengine walisukumwa majini na binamu zao kwa mzaha, au walivutwa na mkondo mara moja tu wakiwa wadogo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Ubaya wa hofu hii ni kwamba majini huleta kile kile unachokiogopa. Mtu aliyetulia, mapafu yakiwa na hewa, huelea, na baharini huelea kwa urahisi zaidi kwa sababu kila lita ya maji yake ina takriban gramu 35 za chumvi. Mwenye hofu huvuta pumzi fupi za juu juu, shingo hukakamaa, kichwa hukiinua kutafuta mbingu, na kichwa kikipanda miguu hushuka. Mwalimu wa kuogelea atamwambia “legea” mara ishirini. Masikio yanasikia, misuli haisikii. Ndiyo maana kuna watu waliolipia mafunzo mara tatu na bado hawaachi ukuta wa bwawa.

Hapo ndipo sisi tunapoingia, na hapo ndipo wateja hushusha sauti na kuuliza: ni mazingaombwe haya? Mtanipunga pepo? Hapana, na hatuchukii kuulizwa. Neno hipnosisi lilienezwa miaka ya 1840 na James Braid, daktari Mskoti aliyefanya kazi Manchester. Alilitoa kwenye neno la Kigiriki la usingizi, na baadaye akatamani kulibadilisha, kwa sababu mtu halali. Umewahi kuzama kwenye hadithi tamu hadi ukaitwa jina mara mbili bila kuitika? Hali inakaribia hiyo. Unanisikia, unajua uliko, na ukitaka kuinuka uende zako unainuka.

Kabla ya kufumba macho tunaandika ngazi yako ya hofu, kuanzia 0 hadi 10. Kwa mama yule, honi ya feri ilikuwa 3, rampu 6, na kusimama ukingoni akitazama maji meusi chini ilikuwa 10. Kisha anaketi, anavuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita, na tunalegeza mwili kidogo kidogo, kuanzia kipaji cha uso hadi vidole vya miguu. Akishatulia, namwambia asikie ile honi. Honi peke yake. Moyo ukianza mbio anainua kidole cha shahada, tunarudi nyuma, tunapumua, tunaanza tena. Siku ya kwanza alikiinua mara tano na hatukufika kwenye rampu. Kwangu mimi hiyo ilikuwa siku nzuri, kwa sababu alijua kidole chake kinasikilizwa.

Kupanda ngazi hivi, mwili ukiwa umelegea, kulienezwa miaka ya 1950 na Joseph Wolpe, daktari wa akili wa Afrika Kusini. Nasema wazi: utafiti ulio imara zaidi kuhusu hofu za aina hii unaunga mkono kuzoea jambo lenyewe hatua kwa hatua, na hipnosisi husaidia mwili ukubali kuzizoea hatua hizo. Kwa hiyo hatuishii kitini. Mama yule tulikaa naye kwenye bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, tukitazama feri zikipita, kabla hajaikanyaga hata moja. Wanaotaka kuingia baharini tunawapeleka siku za maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo, kamwe si za bamvua, inapojaa na kupwa sana, na upepo wa kusi ukishachafua bahari tunahamia bwawani.

Na kuogelea hatufundishi. Hiyo ni kazi ya mwalimu, na wanawake wanaotaka mwalimu wa kike tunawatafutia. Tukimwondolea mtu hofu yote na hajui kuelea, tumemweka pabaya kuliko tulipomkuta, kwa hiyo tahadhari tunamwachia. Mwenye kifafa, au anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, tunamwomba aonane na daktari kwanza.

Safari yake ya kwanza mama yule alisimama katikati ya feri, mbali na ukingo, mkono mmoja kwenye chuma, kidole gumba cha mkono wa pili kikihesabu pumzi juu ya vidole vingine. Ukingoni bado hasimami. Lakini kazini sasa anavuka kwa feri.

Ukitaka kuja, miadi ya kwanza huchukua kama saa moja na nusu na haina maji kabisa. Kula kwanza, vaa nguo isiyobana, na kama ungependa dada au mume wako akae nawe, kiti chake kipo.